Baridi Haiingii: Joto, Nguo na Makaa Katika Mitaa ya Gikomba

Lugha ya Kiswahili huizungumzia baridi kana kwamba ni kitu chenye mwendo na nia. Baridi huingia ndani ya nyumba, hupenya nguoni, humpiga mtoto, humwingia mzee mifupani na, ikishaingia, hukaa humo mpaka ifukuzwe kwa chai, kwa blanketi au kwa jiko la makaa. Joto nalo husemwa kuwa limo ndani ya vazi lenyewe, ndiyo maana mnunuzi anayesimama mbele ya rundo la makoti katika soko la Gikomba, mashariki mwa katikati ya jiji la Nairobi, huuliza kama koti lina joto, muuzaji humhakikishia kuwa linalo tena la kutosha, na wote wawili huelewana bila shida yoyote. Biashara hukamilika na mvaaji huishi vizuri na koti lake kwa miaka. Hata hivyo, kwa mujibu wa fizikia, hakuna kitu kiitwacho baridi kinachoweza kuingia mahali popote, na koti halizalishi joto hata kidogo.

Wanasaikolojia wanaochunguza jinsi watu wanavyoielewa sayansi wamelipa uzito mkubwa pengo la aina hii. Mawazo kama hayo ya baridi yanaweza kuitwa imani za ung'amuzi, yaani mawazo ambayo mtu hujijengea tangu utotoni kwa kugusa, kuona, kunusa na kuwasikiliza wakubwa wake, bila kufundishwa rasmi, na ambayo, kwa kuwa ngozi yake mwenyewe imeshayathibitisha mara nyingi mno, humwonekea dhahiri kiasi kwamba hapati sababu ya kuyahoji. Imani hizi hazifai kuchanganywa na ujinga, kwa maana asiyejua jambo anaweza kuelezwa na akalipokea, ilhali mwenye imani ya ung'amuzi tayari ana maelezo yake, maelezo hayo humtumikia kila siku, na somo jipya hulazimika kutafuta nafasi katika chumba ambacho tayari kina mwenyewe. Mtafiti wa Kimarekani Susan Carey, katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1985 kuhusu jinsi dhana zinavyobadilika utotoni, alionyesha kwamba watoto huja shuleni wakiwa na nadharia zao kuhusu uhai na mwili, na kwamba kujifunza sayansi mara nyingi ni kuzipanga upya dhana hizo kuanzia msingi, jambo gumu kuliko kuongeza taarifa mpya juu ya zile zilizopo.

Gikomba ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili, kwa sababu joto na baridi huko ni riziki. Soko hilo limepakana na mitaa ya zamani ya Waafrika, Pumwani na Majengo, halafu Shauri Moyo na Kamukunji, na Mto Nairobi hupita kando yake. Linajulikana kote Afrika Mashariki kwa mitumba, ingawa ndani yake mna pia samaki, mbao, vyuma na vyombo vya kupikia. Jiji lenyewe liko juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, jina lake limetokana na maneno ya Kimaasai yanayohusu maji baridi, na kati ya Juni na Agosti usiku wake hushuka hadi karibu na nyuzi 10 za Selsiasi. Kwa familia inayoishi katika chumba kimoja cha mabati au cha udongo, nyuzi hizo ni gharama inayolipwa kwa sarafu, ama kwa kununua nguo nzito au kwa kununua makaa.

Chanzo cha imani kwamba baridi ni kitu ni mkono wa binadamu. Ukiacha kipande cha bati na kipande cha ubao kivulini usiku kucha, alfajiri vyote viwili huwa na halijoto moja, yaani kiwango kimoja cha umoto kama kinavyosomwa na kipimajoto. Lakini mtu akivigusa, mkono wake humwambia kuwa bati ni baridi zaidi, na hakuna atakayemshawishi kwa maneno matupu kwamba sivyo. Sababu ni kwamba mkono haupimi halijoto ya kitu kinachoguswa. Unachokihisi ni kasi ambayo joto la mwili linautoka, na kwa kuwa chuma hupitisha joto upesi kuliko ubao, mkono hupoteza joto haraka zaidi ukigusa bati na kuitafsiri hasara hiyo kuwa ni baridi inayoingia. Tafsiri hiyo imekosea upande wa safari, kwani kilichopo ni joto linalotoka, lakini kwa shughuli za kawaida matokeo ni yaleyale: anayejifunika hupata nafuu, awe anaamini kwamba amezuia kitu kuingia au kwamba amezuia kitu kutoka. Imani potofu inayozaa tendo sahihi haina wa kuisahihisha.

Ulaya nayo ilipita njia hiyohiyo, na inafaa kulisema hilo mapema ili msomaji asidhani kwamba kosa hili ni la soko au la mtaa. Katikati ya karne ya 17, wanachuo wa Accademia del Cimento katika mji wa Florence, ambao walikuwa miongoni mwa wapimaji hodari wa zama zao na walikuwa na vipimajoto vya kioo, waliweka shehena ya barafu mbele ya kioo mbonyeo ili wajue kama baridi inaweza kuakisiwa kama mwanga unavyoakisiwa. Marianne Wiser na Susan Carey, walipoyachambua maandishi ya wanachuo hao mwaka wa 1983, waliona kwamba kwao joto na halijoto vilikuwa kitu kimoja kisichotenganishwa, na kwamba walifikiri kuna moto unaotoka katika vitu vya moto na baridi inayotoka katika vitu vya baridi. Ilibidi ipite karibu karne nzima hadi Joseph Black, akifundisha Scotland, alipotenganisha kiasi cha joto na kiwango cha halijoto, na hata hapo wataalamu wengi waliendelea kuamini kuwa joto ni kimiminika kisichoonekana, hata baada ya Count Rumford kuonyesha mwaka wa 1798 kwamba kutoboa mizinga ya shaba huzalisha joto bila kikomo maadamu msuguano unaendelea. Siku hizi joto hufahamika kuwa ni nishati inayohama kutoka penye halijoto ya juu kwenda penye halijoto ya chini, na baridi ni jina tu la upungufu wake, kama giza lilivyo jina la kukosekana kwa mwanga. Ikiwa mabingwa hao walihitaji vizazi kadhaa, hakuna haki ya kumshangaa mwanafunzi wa darasa la saba ambaye hakuimaliza safari hiyo katika kipindi kimoja cha darasani.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa ukaribu ni jinsi watu walewale wanaosema kuwa baridi huingia wanavyotenda kazini kana kwamba wameshaisoma fizikia hiyo. Upande wa samaki, mbuta na ngege kutoka Ziwa Victoria hulazwa juu ya barafu iliyopondwa, kisha hufunikwa. Muuzaji hufunika ili barafu isiyeyuke, na hufanya hivyo bila kusita. Hatua chache kutoka hapo kuna blanketi zinazouzwa kwa sifa ya kumpa mtu joto. Sasa mtu akiulizwa nini kitatokea kipande cha barafu kikifungwa ndani ya blanketi nzito la sufu, ung'amuzi humvuta aseme kwamba barafu itayeyuka haraka, kwa kuwa blanketi lina joto. Ukweli ni kwamba itadumu zaidi kuliko ile iliyoachwa wazi mezani, kwa sababu blanketi huchelewesha safari ya joto upande wowote linakoelekea. Linalomhifadhia mtoto joto lake usiku ndilo linalozuia joto la nje lisiifikie barafu mchana. Mikono ya muuza samaki inalijua jambo hili na kinywa chake hakijalisema, kwani elimu ya kazi imefungwa katika kazi yenyewe, haijapewa jina litakaloiwezesha kuhama kutoka meza ya samaki hadi kitandani kwa mtoto.

Mfano wa jiko ni mpana zaidi. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Kamukunji, ambao mlio wa nyundo zao husikika kabla mgeni hajayaona mabati yenyewe, walichangia sana kueneza jiko la kauri la Kenya, lile lenye kiuno chembamba ambalo lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuchota mawazo kutoka jiko la ndoo la Thailand, na ambalo kuenea kwake kunahusishwa na juhudi za Maxwell Kinyanjui na wenzake. Jiko la zamani lilikuwa bati tupu. Makaa yaliligusa bati, bati likawa jekundu, na sehemu kubwa ya joto ikapotelea pembeni badala ya kupanda kwenye sufuria. Jiko jipya lina bakuli la udongo uliochomwa, lililoshikizwa juu ya kiuno kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, aina ya madini mepesi yenye tabaka nyingi yasiyopitisha joto kwa urahisi. Udongo na madini hayo ni vihami, yaani vitu vinavyochelewesha mwendo wa joto, na kwa ajili yake jiko hutumia makaa machache kwa theluthi moja au zaidi kuliko lile la bati. Kitu cha kuzingatiwa ni kwamba jiko hilo, lililotarajiwa kuonekana la moto kupita lenzake, kwa nje ni la baridi zaidi kulishika. Mnunuzi wa kwanza anayelipima kwa kiganja anaweza kudhani limepungukiwa na nguvu, na fundi humweleza kwamba joto limebaki ndani, linapika. Maelezo hayo mafupi ya fundi yana sayansi safi kuliko kurasa kadhaa za vitabu vya shule, kwa kuwa yanatenganisha joto linalohisiwa na joto linalofanya kazi.

Shule haiyatumii ipasavyo maarifa hayo. Mwanafunzi wa mitaa hiyo husoma sayansi kwa Kiingereza, hukariri kwamba joto husafiri kutoka penye wingi kwenda penye uchache, hupata alama zake, kisha hurudi nyumbani ambako kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama baridi inaendelea kuingia kupitia nyufa za mlango. Mawazo hayo mawili hayakutani hata siku moja, kwa vile kila moja lina lugha yake, na mtu anaweza kuwa nayo yote mawili hadi uzeeni. Andrew Shtulman na Joshua Valcarcel, katika utafiti waliouchapisha mwaka wa 2012, waliwataka wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani waamue haraka kama kauli fulani za kisayansi ni za kweli, na wakaona kwamba palipokuwa na mgongano kati ya sayansi na ung'amuzi wa utotoni, wanafunzi hao walichelewa kujibu na walikosea zaidi, hata katika mambo waliyokwisha kuyasoma miaka mingi nyuma. Imani ya zamani haikuwa imefutika. Ilikuwa imekandamizwa, na kila mara elimu ilibidi ishindane nayo upya. Mtaala wa umilisi unaotumika sasa nchini Kenya, ambao unamtaka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda, unatoa nafasi nzuri ya kuanzia meza ya samaki na karakana ya fundi. Nafasi hiyo hupotea mwalimu anapoandika fasili ubaoni na kuwaamuru wanafunzi wainakili.

Walimu wenyewe hawajasalimika, na Afrika Mashariki ina ushahidi mashuhuri wa hilo. Mwaka wa 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba nchini Tanganyika, alipokuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, aliona kwamba maziwa aliyoyaweka kwenye friza yakiwa bado moto yaliganda kabla ya maziwa yaliyopoa. Alimwuliza mwalimu wake, akaambiwa kuwa amechanganyikiwa. Alirudia swali hilo baadaye katika shule ya Mkwawa, Iringa, mbele ya Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, baadhi ya wanafunzi wakamcheka, lakini Osborne alikwenda kulijaribu na mwaka wa 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama ushindi wa mtoto dhidi ya mwalimu, na kweli kina heshima hiyo. Lakini kina funzo la pili ambalo watu hulipita. Mwalimu alimkatalia Mpemba kwa kutegemea kile kilichoonekana kuwa dhahiri, kwamba chenye safari ndefu zaidi hakiwezi kuwahi kufika, na dhahiri hiyo haikuwa imepimwa. Wataalamu nao hawajakubaliana hadi leo: Henry Burridge na Paul Linden walipochunguza upya jambo hili mwaka wa 2016 hawakupata ushahidi thabiti kwamba maji ya moto hupoa haraka zaidi. Hivyo swali la kijana wa Magamba lingali wazi baada ya zaidi ya nusu karne, na kuwa wazi kwake hakumpunguzii sifa aliyeliuliza.

Wazo la kitu kinachoingia haliishii kwenye baridi. Linatawala pia jinsi watu wanavyofikiri kuhusu uchafu, ugonjwa na nguo zilizovaliwa na wengine, na kwa soko linaloishi kwa mitumba hilo si jambo dogo. Nchini Tanzania nguo hizi ziliwahi kuitwa kafa Ulaya, jina lenye wazo kwamba aliyezivaa kwanza amefariki na kwamba kitu fulani cha marehemu huenda kimebaki katika nyuzi. Mwanaanthropolojia James Frazer aliita wazo hili kanuni ya mgusano, yaani imani kwamba vitu vilivyogusana huendelea kuathiriana hata baada ya kutengana, na alilihesabu kuwa sehemu ya uchawi wa watu wa kale. Alikosea kulihesabu hivyo. Paul Rozin na wenzake, katika majaribio waliyoyachapisha mwaka wa 1986, waliwapa Wamarekani wasomi juisi iliyochovywa mende mfu aliyetakaswa kikamilifu asiwe na kijidudu chochote, na washiriki waliichukia juisi hiyo. Waliwauliza pia kuhusu shati lililofuliwa ambalo limewahi kuvaliwa na mtu wasiyempenda, na shati hilo lilipoteza thamani machoni pao ingawa hakukuwa na uchafu wowote uliobaki. Ung'amuzi wa mgusano huenda umesaidia binadamu kukwepa maradhi kwa maelfu ya miaka kabla darubini haijavumbuliwa, na bado unasaidia: nguo iliyovuliwa sasa hivi na mtu mwenye upele inaweza kweli kuambukiza, kwa kuwa wadudu wadogo wanaosababisha upele huishi nje ya mwili kwa siku mbili au tatu. Udhaifu wake ni kwamba hauna saa wala kipimo. Kwa ung'amuzi, kilichoguswa kimeguswa daima.

Udhaifu huo ulijitokeza mwaka wa 2020. Kisa cha kwanza cha Korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi, na kabla ya mwezi huo kwisha serikali ilikuwa imesimamisha uingizaji wa mitumba, ikitaja afya ya wananchi pamoja na haja ya kuinua viwanda vya nguo vya nyumbani. Marufuku hayo yaliondolewa mwezi wa Agosti. Haitakuwa haki kuwalaumu waliofanya uamuzi huo kwa kutojua yaliyojulikana baadaye, kwani mwezi huohuo wa Machi watafiti walikuwa wameripoti kwamba kirusi hicho kiligunduliwa juu ya plastiki na chuma cha pua hadi saa 72 baada ya kuwekwa hapo. Hata hivyo, hesabu iliyohitajika ilikuwa mezani tayari: robota la nguo, au beli kama wachuuzi wanavyoliita, husafiri baharini kwa wiki kadhaa kabla ya kufika Mombasa, na saa 72 ni siku tatu. Mwezi wa Aprili 2021, kituo cha kudhibiti maradhi cha Marekani kilieleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa mahali penye kirusi kwa kawaida ni chini ya 1 kwa 10,000. Hatari kubwa ilikuwa katika pumzi ya watu waliosongamana wakati beli inafunguliwa, kila mmoja akinyoosha mkono apate kamera, yaani nguo bora za kwanza, kabla rundo halijashuka hadhi hadi kuwa fagia. Lakini pumzi haionekani na nguo inaonekana, na woga wa watu, kuanzia majumbani hadi maofisini, ulikiendea kile ambacho jicho linaweza kukinyooshea kidole.

Tukirudi kwenye baridi, mtoto mchanga ndiye anayelipa gharama kubwa ya mkanganyiko kuihusu. Karibu na Gikomba ipo Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyofunguliwa mwaka wa 1926, na akina mama wengi wanaojiandaa kwenda kujifungua hupitia kwanza sokoni kununua shali, kofia za sufu, soksi na blanketi, kwa kuwa kila bibi na kila jirani amewaonya kuhusu nimonia inayoletwa na baridi. Onyo hilo lina nusu ya ukweli. Mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati, hupoteza joto upesi mno, na kupoa kunaweza kumwua. Nusu iliyopotoka ni ile inayodhani blanketi litampa joto asilokuwa nalo. Mwili mdogo unaozalisha joto kidogo, ukifunikwa kwa blanketi tano, unahifadhi kidogo hichohicho. Anachohitaji ni chanzo cha joto, na chanzo cha uhakika kabisa ni kifua cha mama yake. Ndiyo sababu utunzaji wa kangaruu, ambao ulianzishwa mjini Bogotá, Kolombia, mwaka wa 1978, na ambao humweka mtoto ngozi kwa ngozi kifuani pa mama, umekubalika kote duniani kwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo. Mama hapo ndiye jiko na blanketi ndilo udongo unaolizunguka.

Kwa mtoto aliyekwisha kukua kidogo, mambo hugeuka. Nimonia husababishwa na bakteria na virusi, na msimu wa baridi huisaidia kwa kuwakusanya watu katika chumba kimoja chenye dirisha lililofungwa, ambamo pumzi ya mmoja huwa pumzi ya wote. Kinga yake kubwa haikupatikana katika sufu. Kenya ilianza kutoa chanjo ya nimokoka, bakteria mmojawapo mkuu wa nimonia, mwaka wa 2011, na watafiti wa Kilifi walieleza mwaka wa 2019 kwamba maradhi makali ya aina za bakteria zinazolengwa na chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano. Zaidi ya hayo, mtoto anapopata homa hutetemeka na kulalamika kuwa anaona baridi, kwa sababu ubongo umeinua kiwango cha halijoto unachokitaka na mwili unajitahidi kukifikia. Mzazi anayeuamini ung'amuzi wake humzidishia blanketi, na blanketi, likiwa kihami tu, huliziba joto ambalo lilikuwa linatafuta pa kutokea. Mzazi huyo ana upendo usio na kasoro. Kilichomkosesha ni mwelekeo wa safari ya joto, kwamba amezuia kuingia kwa kitu kisichokuwepo akafunga njia ya kutoka kwa kilichopo.

Kutoka hapo hadi kwenye jiko ni hatua moja, na ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Jioni ya Julai, jiko huwashwa nje, hupepewa mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu, ugali hupikwa, kisha jiko huingizwa chumbani ili mabaki ya makaa yaitoe baridi iliyoingia mchana kutwa. Mlango hufungwa. Nyufa huzibwa kwa vitambaa. Kila hatua ina mantiki kwa anayeamini kwamba baridi ni kitu na kwamba moshi ndio sumu: moshi umekwisha, kwa hiyo sumu imekwisha, nyufa zimezibwa, kwa hiyo baridi haitarudi. Pua, macho na ngozi zote zinakubaliana kwamba chumba ni salama. Kwa upande mmoja mantiki hiyo ina msingi, kwa sababu moshi wa kuni na wa makaa yanayoanza kuwaka huharibu mapafu, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hewa chafu ya ndani ya nyumba huongeza hatari ya nimonia kwa watoto karibu mara mbili. Lakini makaa yanapoungua, hasa pasipo hewa ya kutosha, hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu na isiyowasha macho wala koo. Gesi hiyo hushikamana na hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu huendelea kuzunguka ikiwa imebeba mzigo usiofaa, na aliyelala huingia katika usingizi mzito zaidi bila kuona dalili yoyote ya kumwamsha. Uzito wake unakaribia sana ule wa hewa ya kawaida, kwa hiyo haimwepuki aliyelala sakafuni wala aliyelala kitandani. Jiko la kauri, pamoja na sifa zake zote za kuokoa makaa, haliondoi gesi hiyo.

Katika jambo hili ung'amuzi hauna msaada wa kutoa, kwa vile hakuna hisi ya binadamu iliyoumbwa kuitambua kaboni monoksidi, na mafunzo ya afya yanayosema tu kwamba jiko ni hatari huangukia masikio ya watu waliolala na jiko miaka mingi wakaamka salama. Anayetaka kuokoa maisha katika mitaa hiyo anapaswa kuanza na anachokijua fundi na anachokijua muuza samaki, kwamba joto huhama na kwamba kifuniko hulichelewesha, ili mzazi aone mwenyewe kwamba familia ya watu wanne iliyojifunika vizuri tayari ina majiko manne ndani ya chumba, na kwamba dirisha lililoachwa wazi kidogo linapoteza joto kiasi huku likiingiza hewa ambayo blanketi haliwezi kuizalisha. Jiko libaki nje usiku, hata kama makaa yake bado yanang'aa na hata kama yamegharimu fedha. Makaa mekundu yasiyotoa moshi huendelea kutoa kaboni monoksidi mpaka yazimike kabisa.